Miliari 11 ama milioni 325: kesi zetu zinaandikwa namna gani?

Ulizeni watu wanne hapa Kisangani: Uganda ilihukumiwa kulipa Kongo pesa ngapi? Wa kwanza atasema miliari 11 za dola. Wa pili atasema milioni 325. Wa tatu atasema milioni 65, na ataapa kama aliisikia pa redio. Wa nne atawacheka wote na kusema pesa hakuna, ni masolo tu.

Kumbe wale watatu wa kwanza wote wako na namba ya kweli. Miliari 11 na zaidi njo serikali yetu iliomba. Milioni 325 njo tribinali ilikata. Milioni 65 njo kipande cha kulipa kila mwaka, mara tano. Ila mtu akitupa namba bila kusema ni ya nini, nani aliisema, siku gani, pa karatasi gani, hapo kweli inageuka masolo ya malewa, na yule wa nne anapata haki ya kucheka.

Sisi wa sendika tunaandika hii juu ya wachimbaji wa Tshopo, wa almasi na wa dhahabu, wale wa Banalia, wa Bafwasende, wa Opala, na juu ya wamama na watoto wanaowangojea hapa mjini. Siku hizi mtu akitaka kujua jambo anafungua telefone, na mara nyingi cha kwanza kutokea ni Wikipedia, ile ensiklopedia ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kila mtu anaweza kuandika ndani. Iko kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili iko tangu 2003. Watoto wanakopi humo kazi za masomo. Waandishi wa magazeti pia wanakopi, hata kama hawasemi. Basi namna kesi zetu zimeandikwa mule ndani si mambo ya maprofesa peke yao. Inatuhusu sawa vile kofia ya kazi inatuhusu.

Kesi ilitangulia mabomu

Tuanze na kesi ya hapa nyumbani. Tarehe 23 Juni 1999 Kongo ilishitaki Uganda mbele ya Korti ya Kimataifa ya Haki, ile tunaita CIJ, pale La Haye, Uholanzi. Angalieni ile tarehe vizuri. Vita ya siku sita kati ya jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda ndani ya mji wetu ilianza tarehe 5 Juni 2000 na kuisha tarehe 10. Maana yake kesi ilifunguliwa karibu mwaka mzima mbele ya ile vita. Watu wengi wanafikiri kesi ilizaliwa na vita ya siku sita. Hapana: vita ilikuta kesi iko tayari pa meza ya wazuzi, na tarehe 1 Julai 2000 korti ikatoa amri ya haraka kwa pande zote mbili waache silaha.

Hukumu kubwa ilitoka tarehe 19 Desemba 2005. Ukitaka kuijua haina lazima usome kurasa zote. Nenda moja kwa moja pa paragrafu 345, pale njo wazuzi wanasema walichokata, kipengele kwa kipengele, na hesabu ya kura: 16 kwa 1 juu ya matumizi ya nguvu, 16 kwa 1 tena juu ya kupora mali ya asili. Mule ndani kuna kipengele kimoja hatukipendi: korti ilisema pia Kongo ilikosa, juu ya mambo yaliyofanyiwa ubalozi wa Uganda pale Kinshasa. Ensiklopedia ya kweli inaandika na hiki. Anayekiruka juu ya kupenda inchi anaharibu, sababu mtu wa upande wa pili atakionesha, na kisha hakuna atakayeamini hata yale mengine yaliyo sawa.

Sasa ile karatasi inaitwa namna gani? Wanaandika hivi: Activités armées sur le territoire du Congo (République démocratique du Congo c. Ouganda), arrêt, C.I.J. Recueil 2005, p. 168. Inaonekana kama maneno ya kutisha, ila mchimbaji anaweza kuielewa haraka kuliko mwanafunzi. Pa komptuari hakuna mtu anakununulia jiwe juu ya wewe kusema "ni kubwa". Wanapima karati, wanaangalia rangi, wanaangalia kama lina ufa, wanaandika jina na tarehe. Na hukumu ni vile vile. Kwanza jina la kesi, kisha nani anamshitaki nani (ile "c." ndogo maana yake contre), kisha aina ya karatasi, kama ni hukumu ama amri ya haraka, kisha buku ambamo ilichapwa na mwaka wake, mwisho ukurasa inapoanzia. Mtu yeyote, awe Kisangani ama Kampala, akipewa ule mstari anafika pa karatasi ileile. Na ukiongeza namba ya paragrafu anafika pa sentensi ileile.

Ukikosa mstari kama huo unachanganya kesi na kesi. Iko kesi ya pili, Kongo kwa Rwanda, hukumu ya tarehe 3 Februari 2006, C.I.J. Recueil 2006, p. 6. Pale korti ilisema, kwa kura 15 kwa 2, kama haina uwezo wa kuihukumu. Haikusema Rwanda ni safi. Haikusema Rwanda ilikosa. Ilisema: hii kesi siwezi kuiingia. Kuandika "Rwanda ilishinda" bila kusema ilishinda nini ni kudanganya watu, na kuandika "Rwanda ilihukumiwa" ni uongo mtupu. Tumesikia zote mbili hapa mjini, pa mkutano mmoja.

Na ile ina matokeo pa mfuko wetu. Walipofika pa kupima malipo, wazuzi walisema juu ya Kisangani kila inchi inajibu kwa yale askari wake walifanya. Uganda inalipa sehemu ya Uganda. Ile sehemu nyingine haikuwa pa meza. Mtu aliyebomolewa nyumba hakuuliza bomu lilitoka upande gani, tunajua. Ila njo vile iliandikwa, na mtu anayeandika fiche yake ya kuomba malipo ana haki ya kuijua mbele.

Namba mbili za wafu

Waliokufa ndani ya ile vita ya siku sita ni wangapi? Kikundi cha Umoja wa Mataifa kilichokuja kuangalia mji mwaka ule ule wa 2000 kiliandika raia zaidi ya 760, majeruhi kama 1,700, nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika. Miaka kumi nyuma, ile ripoti ya Umoja wa Mataifa tunaita Rapport Mapping, ya 2010, iliandika raia kati ya 244 na 760, majeruhi zaidi ya 1,000, na nyumba za watu zaidi ya 400 zilizobomolewa. Basi nani anadanganya?

Hakuna, sisi tunaona. Nyumba "iliyoharibika" na nyumba "iliyobomolewa" si nyumba moja. Na mtu anayeandika "kati ya" anasema kama alipata vyanzo vingi visivyosikilizana. Mwandishi mbaya wa ensiklopedia anachagua namba inayomupendeza na kutupa ingine. Mwandishi mzuri anaweka zote mbili, na mbele ya kila moja anaweka nani na mwaka gani. Sisi pia tuko na hesabu yetu ya mitaa, na tunaamini wafu walikuwa wengi kuliko. Ila imani yetu si karatasi, haiwezi kuingia pale mpaka mtu aifanyie uchunguzi na kuichapisha.

Hii ya karatasi haikuwa mchezo La Haye. Hukumu ya malipo ilitoka tarehe 9 Februari 2022, C.I.J. Recueil 2022, p. 13. Milioni 225 juu ya watu, milioni 40 juu ya mali, milioni 60 juu ya utajiri wa asili: mule kuna dhahabu yetu, almasi yetu, coltan, kahawa, mbao. Jumla 325. Kulipwa mara tano, milioni 65 kila mwaka, kuanza tarehe 1 Septemba 2022, na asilimia 6 ya faida juu ya kile kinachochelewa. Kipande cha kwanza Uganda ililipa mule mule ndani ya 2022.

Ni juu ya nini tulitoka pa miliari 11 tukafika pa milioni 325? Kila mtu ana maelezo yake, na maelezo matamu zaidi ni ya rushwa. Hukumu yenyewe inasema jambo kavu zaidi: ushahidi. Fiche za wahanga ambazo Kongo ilipeleka, nyingi hazikuwa na karatasi ya kuzisaidia: hakuna acte ya kifo, hakuna ya hospitali, hakuna ya nyumba, na wazuzi hawakuzipa uzito mkubwa. Wanajua pia kama vita inakula karatasi, njo maana walikata jumla bila kupima mtu kwa mtu. Juu ya madini walikuwa na msaada wa ajabu: tume ya uchunguzi ambayo Uganda yenyewe iliunda, iliyoongozwa na zuzi David Porter. Wakati inchi inayoshitakiwa imeandika yenyewe, ile karatasi ina nguvu kupita yako. Tena tuseme yote: mwaka 2005 korti ilisema askari wa Uganda walipora, na Uganda haikuwazuia, ila ilisema pia haikuona ushahidi kama serikali ya Uganda ilikuwa na mpango wa kupora. Wengi wanaruka hii sentensi ya pili.

Iko paragrafu moja tungependa kila mchimbaji aijue, mbele tu ya uamuzi wa mwisho wa 2022. Pale korti inaandika kama imepokea ahadi ya Kongo: pesa itagawanywa kwa wahanga kwa haki, chini ya macho ya vyombo ambavyo ndani yake kuna wajumbe wa wahanga wenyewe na wa shirika za raia. Serikali ilikuwa imeunda FRIVAO, mfuko wa ile kazi, kwa dekreti ya Desemba 2019, na makao yake ni hapa Kisangani. Ahadi kama ile, iliyosemwa mbele ya wazuzi wa dunia na kuandikwa ndani ya hukumu, si ahadi ya kampanye. Mtu anaweza kuifungua pa telefone, kuionesha mkubwa wa ofisi na kumuuliza: mjumbe wa wahanga wa karyeri yetu njo nani? Ila kama makala inaandika "325" na kunyamaza, ile swali haizaliwi.

Aliyeomba na aliyekata

Kosa tunaliona mara nyingi kuliko yote ni hili: watu wanachukua maneno ya parke wanayageuza hukumu. Angalieni kesi ya waziri wa zamani wa haki, Constant Mutamba, juu ya pesa ya kujenga gereza hapa Kisangani. Parke iliomba miaka 10 ya kazi za nguvu. Cour de cassation, tarehe 2 Septemba 2025, ikakata miaka 3. Mpaka leo pa taksi utasikia "kumi". Makala ya ensiklopedia inayoandika moja bila ingine, ama inayosahau kuandika korti gani na siku gani, inafanya kazi ya redio trottoir.

Kosa lingine ni kufunga kesi mbele ya wakati wake. Chukueni Kilwa, pa ziwa Moero, kule Katanga, Oktoba 2004. Jeshi letu liliua watu zaidi ya 70 wakati wa kurudisha ule mji, na magari ya Anvil Mining, kampuni ya mgodi wa Dikulushi, yalitumika. Kampuni ilisema jeshi liliyachukua kwa nguvu. Tarehe 28 Juni 2007 korti ya kijeshi kule Lubumbashi iliachilia wafanyakazi watatu wa Anvil, na askari pia haikuwapa hatia juu ya Kilwa. Mtu akisoma mpaka pale tu anasema: basi, imeisha. Haikuisha. Wahanga walienda mbele ya Komisyo ya Afrika ya Haki za Binadamu, komunikasyo namba 393/10, na uamuzi uliotangazwa 2017 ulisema Kongo ilivunja haki zao na iwalipe dola milioni 2.5. Komisyo si tribinali, haifungi mtu, na hii nayo lazima iandikwe. Lakini mtu mwenye ile namba, 393/10, anaweza kuendelea kutoka pale wengine waliishia. Asiye nayo anaanza upya, na avoka wake analipwa mara mbili.

Tuongee kidogo juu ya namba za hapa kwetu. Pa tribinali zetu kesi ya penali inapewa RP, kesi ya sivili RC. Ikienda pa apeli inakuwa RPA ama RCA, na namba mpya. Ile RMP wengi wanaitoa mfukoni kwa furaha ni namba ya dosie pa parke, si ya hukumu. Mtu anaweza kuwa na RMP na kesi isifike hata siku moja mbele ya zuzi. Katiba yetu, artikle 20, inasema audiyansi ni za wazi, na artikle 21 inasema kila hukumu inaandikwa, inapewa sababu zake na kutangazwa mbele ya watu. Kwa hiyo kukaa nyuma ya sale na kuandika namba, tarehe na majina ya pande mbili si kosa, isipokuwa zuzi amefunga milango. Kupata kopi pa grefe njo inaumiza, maana inalipiwa, na wakati mwingine unalipa na kungoja mpaka viatu vinaisha.

Mwenzetu mmoja, wa kampuni ambayo hatutaitaja, alishinda kesi ya kufukuzwa kazi. Alilipwa, akafurahi, akahama, karatasi ikabaki ndani ya valizi, na mchwa wakaikuta. Leo kijana mwingine amefukuzwa kwa sababu ileile, neno kwa neno. Tunajua kama zuzi mmoja alishaisema ni mbaya, ila hatuna namba, hatuna tarehe, hatuna ukurasa. Tunamwambia avoka "iko, tunaijua", naye anatuangalia kama watoto.

Mwenye kutaka kuandika mule ndani

Vijana wetu wako na telefone na wako na Kiswahili. Wanaweza kuandika. Ila Wikipedia ina sheria zake, na ukizivunja wanakufuta bila kukuomba ruhusa. Kubwa ni kwamba kila neno linaloweza kubishaniwa linataka chanzo kilichochapishwa. Hukumu yenyewe inafaa kuonesha korti ilisema nini. Haifai kuonesha maana yake juu ya Afrika yote ama kama wazuzi walikosea. Pale unatafuta buku la mwanasheria ama gazeti lenye jina, na unasema ni nani. Maoni ya sendika, hata kama ni mazuri, yabaki pa gazeti, kama haya.

Sheria ya pili tunaiheshimu hata kama haingekuwa imeandikwa: majina ya watu wadogo. Mama aliyetendewa vibaya wakati wa vita, mtoto aliyeshuhudia, hawana cha kufanya ndani ya ensiklopedia, hata kama jina liko pa hukumu. Na mtu ambaye anashitakiwa tu, bila hukumu, anaandikwa "anashitakiwa". Tumeona karyeri nzima ikimkimbiza mtu juu ya neno moja lililoandikwa vibaya.

Wale wanaokaa ndani pori bila rezo wasiseme haiwahusu. Iko programu inaitwa Kiwix, inabeba Wikipedia nzima ndani ya telefone ama karte memoire, inasomwa bila intaneti. Mtu mmoja anaishusha mjini, anaipanda nayo Bafwasende, na shimo zima linasoma jioni.

Kazi nyingine ni ya hapa hapa mjini, na ni ya wazee. Januari 1960, tribinali ya Stanleyville ilimhukumu Patrice Lumumba juu ya fujo za Oktoba 1959. Siku chache nyuma walimtoa gerezani aende pa Meza ya Mviringo ya Bruxelles. Alipewa muda gani? Wengi wanaandika miezi 6. Wengine wanaandika miezi 69, na tofauti ni miaka mitano na miezi mitatu. Tunafikiri ni 6, na ile 9 iliongezwa na mkono uliochoka, kisha wengine wakakopi. Ila kufikiri kwetu hakutoshi kuirekebisha. Kama kuna mzee ndani ya Makiso, Mangobo ama Kabondo mwenye gazeti la Stanleyville la ule mwezi chini ya godoro, asilitumie kufungia samaki. Alete, tupige foto ya ukurasa wote, pamoja na tarehe iliyo juu yake.